Usinunue Mashine Kabla Hujatoboa Kiko

Hotuba kwa vijana wa useremala na ukerezaji, Nyakato, Mwanza

Mwangaluka!

Mkuu wa chuo, wakufunzi, wazazi mliokuja kuona kazi za watoto, na ninyi vijana ambao wengine naona bado mna vumbi la mbao kwenye nyusi: nashukuru kwa kunikaribisha. Nimepewa nusu saa, na harufu ya pilau imeshanifikia hapa mbele, kwa hiyo sitazunguka mbuyu.

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu viko vya tumbaku ni hili: "Fundi, ninunue mashine gani ya kukereza?" Kijana hajawahi kushika kiko, hajui ndani kikoje, lakini tayari ana picha ya mashine kwenye simu na ameshaanza kuulizia usafiri wa kuitoa Gerezani, Dar es Salaam, mpaka huku. Jibu langu huwa halimfurahishi. Namwambia hiyo pesa iache kwanza palepale ilipo, nenda katoboe.

Maana kiko ni matundu. Kwa nje unaona umbo, mng'ao na mistari ya mti, na sikatai, hayo ndiyo yanayomvuta mnunuzi. Lakini kinachokifanya kiwe kiko, kisiwe pambo la kabatini, ni matundu matatu yanayokutana ndani ya mti, mahali jicho halifiki. La kwanza ni bakuli la tumbaku. Kwa kiko cha kawaida lina upana wa milimita 18 mpaka 20 na kina cha 35 mpaka 40 hivi. La pili ni njia ya moshi, tundu jembamba la milimita 3.5 au 4 linalopita kwenye shingo. La tatu lipo mwishoni mwa shingo, kama milimita 8 hivi, na humo ndimo unamoingia ulimi wa mdomo wa kiko, ile sehemu mvutaji anayoing'ata.

Njia ya moshi inatakiwa itokeze chini kabisa ya bakuli, na katikati. Ikitokeza juu kidogo, tumbaku ya chini haiungui. Inabaki majimaji, na uchungu wake unaharibu kila mvuto unaofuata. Ikitokeza pembeni, moto unakula upande mmoja. Ukizidisha kina cha bakuli ukaipita njia ya moshi, umeacha kidimbwi chini yake, na ukuta wa chini umebaki mwembamba. Siku moja utaungua ukatoboka mkononi mwa mteja aliyekulipa pesa nzuri. Hayo yote ni makosa ya kutoboa, na hakuna msasa unaoyarekebisha.

Waliofanya kazi hii ikawa biashara kubwa duniani walikuwa wakereza kwanza. Mji wa Saint-Claude, kwenye milima ya Jura huko Ufaransa, ulikuwa na watu waliokereza rozari na vitu vidogo vya mbao kwa ajili ya mahujaji, kazi ya vizazi na vizazi. Katika miaka ya 1850 ndipo walipoanza kutumia nundu ya kichaka cha brayari, Erica arborea, inayoota kati ya shina na mizizi, ardhini, huko pwani za Mediterania. Ule mti unastahimili moto kuliko miti mingi, na kabla ya kukerezwa huchemshwa kwa saa nyingi ili utomvu utoke, kisha hukaushwa polepole kwa miezi, hata miaka. Kule Marekani, mwaka 1869, katika mji wa Washington, Missouri, mkereza mwenye asili ya Uholanzi aitwaye Henry Tibbe alikereza kiko cha gunzi la mahindi. Mwaka 1878 alipata hataza ya kujaza plasta kwenye vijishimo vya gunzi kwa nje ili liwe laini na lihimili moto. Kampuni iliyotokana na kazi hiyo ipo mpaka leo, na bado inauza magunzi.

Na sisi hatumo nje ya habari hii. Miaka ya 1950 kulikuwa na kampuni Arusha, Tanganyika Meerschaum Corporation, iliyotengeneza viko kwa sepiolaiti ya bonde la Amboseli, kule Sinya karibu na mpaka wa Kenya. Sepiolaiti ni jiwe jeupe, jepesi, ambalo likilowa linachongeka kwa kisu. Viko vyao vilikuwa na alama ya tembo na jina Kiko, na mpaka leo wakusanyaji wa Ulaya wanavinunua na kuviuza. Kwa hiyo mtu akikwambia kiko ni kazi ya Wazungu, mwambie Arusha iliwauzia wao.

Sasa mti. Najua mtaniuliza brayari tunaipata wapi. Mti huohuo unaota hata juu Kilimanjaro, lakini ile ni hifadhi ya taifa, basi hilo wazo liondoe kichwani kabla hujaitiwa askari. Vipande vilivyokwisha kukaushwa vinaagizwa kutoka Italia au Ugiriki, na ni ghali kwa mtu anayejifunza. Kujifunza jifunze kwa mpera au mchungwa. Ni miti migumu, ina nyuzi ndogondogo zilizoshikana, na kuna mzee kila mtaa wa Buzuruga au Igoma anayetaka mpera wake uliozeeka ukatwe. Kata vipande, paka nta kwenye ncha zake mbili ili visipasuke, weka kivulini penye hewa, usahau. Kipande kinene cha sentimita 5 kikae mwaka na zaidi. Ndiyo, mwaka. Ndiyo maana nasema mashine inaweza kusubiri. Mti wenyewe bado haujawa tayari.

Mwembe usiuguse kwa kazi hii. Utomvu wake unawasha ngozi, na moshi wake nao ni mbaya. Mbao iliyopakwa dawa ya mchwa, nguzo ya zamani, kipande cha fanicha yenye vanishi, hivyo vyote hapana, kwa sababu kilichomo kwenye mti kinaingia mdomoni mwa mtu. Na mpingo? Kila mtu ananiuliza mpingo. Ni mti wa fahari, mzito mpaka unazama majini, dunia nzima inautaka kwa zumari na klarineti. Lakini kwa bakuli la kiko mimi siupendi: una mafuta mengi, haunyonyi unyevu, na vumbi lake linawaletea wengine mafua na upele. Utumie kama pete ya shingo, hapo unapendeza sana. Halafu mkumbuke jamii yote ya mpingo iko chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini tangu 2017, na hata ndani ya nchi mazao ya misitu yana vibali vyake vya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ukitaka kuuza nje, ulizia vibali kwanza, usisubiri mzigo ukwame uwanja wa ndege.

Haya. Umeshapata gunzi nene la mahindi la kuanzia mazoezi, na mpera mkavu. Unahitaji jiliwa la kubania kipande, drili ya kawaida, biti tatu na subira.

Nataka niseme neno kuhusu biti ya bakuli, maana hapa ndipo vijana wanapokwama. Dukani hutaipata. Unaitengeneza. Chukua biti bapa ya mbao ya milimita 20, ile yenye kincha katikati kama ulimi wa nyoka. Ipeleke kwenye jiwe la kunolea, ondoa pembe zake mbili za mbele mpaka iwe na duara kama sehemu ya chini ya yai, na kile kincha ukiache kifupi sana au ukiondoe kabisa. Kila sekunde chache ichovye majini, kwa sababu ikigeuka bluu chuma kimelegea na hakitashika makali tena. Kisha noa nyuma ya ukingo unaokata kwa tupa ndogo, upande wa kushoto na wa kulia, sawa kwa sawa. Hapo kwenye usawa ndipo kazi ilipo. Upande mmoja ukiwa mrefu hata kwa unene wa karatasi, huo ndio utakaokata peke yake. Bakuli litakuwa pana kuliko biti na ukuta wake utakuwa na mikwaruzo ya mduara. Jaribu kwenye ubao wa msonobari. Ukiona pande zote mbili zinatoa vumbi sawa, umemaliza.

Njia ya moshi ndiyo inayotisha. Biti ya milimita 4 ikiwa ndefu inapinda. Inafuata nyuzi za mti, inakimbia fundo, inatokeza mahali ambapo hukuiambia. Dawa yake ni kuanza na biti fupi, ngumu, utoboe sentimita moja au mbili za mwanzo zikiwa zimenyooka, ndipo uingize ile ndefu. Na kila baada ya milimita chache uitoe, upulize vumbi, urudi. Vumbi likijaa mle ndani biti inapata moto na mti unaungua. Chora mistari kwa penseli ubavuni mwa kipande kabla hujaanza: bakuli linaishia hapa, njia inapita hapa, mistari miwili inakutana hapa. Ukimaliza, kata kipande katikati kwa msumeno ufungue ndani utazame. Vipande vya kwanza vyote vikate hivyo, hata vile unavyoamini vimefaulu. Siku ambayo ukikata unakuta njia imetua chini ya bakuli, tena si kwa bahati, na kipande kinachofuata hivyohivyo, hapo njoo tuzungumze mashine.

Na hata hapo sikushauri ununue mara moja. Mji huu una mashine za kukereza nyingi zinazolala. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, bandari na meli zimekuwepo, viwanda vya samaki vipo, boti zinatengenezwa ufukweni. Kila palipo na shafti na propela kuna mtu wa kukereza chuma. Zungumza na mwenye karakana, umlipie saa za jioni ambazo mashine imesimama. Wapo watakaokukatalia kwa sababu vumbi la mbao likichanganyika na mafuta ya mashine linakuwa uji unaokula vyuma, na wana haki. Nenda na turubai lako na brashi yako, na uondoke pakiwa pasafi kuliko ulivyopakuta.

Ukija kununua, watu watakuonyesha mota. "Hii ina nguvu, baba, hii inakula mti wowote." Nguvu si shida yetu. Kwa kiko, nusu mpaka farasi moja inatosha, yaani wati 370 mpaka 750, umeme wa kawaida wa nyumbani wa volti 230. Wewe nenda moja kwa moja kwenye kichwa cha nyuma, kile kinachobeba biti. Kichwa cha mbele kinazungusha, lakini kichwa cha nyuma ndicho kinachoamua tundu litakwenda wapi.

Weka ncha kwenye kichwa cha mbele na ncha nyingine kwenye cha nyuma, zilete mpaka zikaribie kugusana, halafu tazama kutoka juu, kisha kutoka ubavuni. Ncha zisipokutana kwa upande wa ubavuni, mara nyingi zinarekebishika kwa skrubu. Zisipokutana kwa urefu wa juu na chini, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Muage muuzaji kwa heshima uende. Kisha chomoa ule mhimili wa kichwa cha nyuma mpaka karibu mwisho, ushike, uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, tundu lako nalo litacheza. Pima unatoka urefu gani. Mashine ndogo nyingi zinatoa milimita 50 au 60 tu, na njia ya moshi inaweza kudai 70. Maana yake utasimama katikati, usogeze kichwa chote, uanze tena, na kila kusogeza ni nafasi ya kupotea. Ukipata inayotoa 80 au 100, hiyo ishike.

Halafu ukubwa. Hapa kuna jambo ambalo huwezi kulijua mpaka umeona kipande kikizunguka. Unapotoboa bakuli, kipande kimeshikwa na taya huku shingo imechomoza pembeni. Kutoka katikati ya bakuli mpaka mwisho wa shingo ni milimita 60 hivi, wakati mwingine 70. Hiyo shingo inazunguka, kwa hiyo inahitaji duara la milimita 140 bila kugonga kitanda cha mashine, na taya zenyewe zinachomoza zaidi. Ile mashine ndogo ya mezani ya Kichina, ya kilo 40 hivi, ina duara la milimita 180. Inatosha, kwa kubana. Ya 250 unafanya kazi kwa raha. Na kwa kuwa mzigo umelalia upande mmoja, mwendo uwe wa taratibu, mizunguko 400 au 500 kwa dakika, basi. Ukiwasha 2,000 kama mtu anayekereza mguu wa kitanda, mashine itacheza mduara mezani na kipande kitaruka.

Taya nazo ziangalie. Taya tatu za karakana ya chuma zinashika kitu cha mviringo vizuri, ila kipande chetu ni mstatili. Taya nne zinazokwenda kila moja peke yake zinafaa, ingawa kukiweka katikati ni kazi ya dakika nyingi. Zipo za taya mbili zenye nafasi ya kukizungusha kipande bila kukiachia, utoboe shingo kisha ugeuze utoboe bakuli. Fundi mzuri wa mjini hapa anaweza kukutengenezea.

Mashine kuukuu ya Kiingereza, nzito, mathalani Colchester iliyotoka karakana iliyofungwa, mimi ningeichukua kabla ya mpya nyepesi, mradi kitanda chake hakijalika. Kitanda hulika karibu na kichwa cha mbele, kwa sababu hapo ndipo kazi hufanyika kila siku. Pitisha ukucha kutoka mwisho usiotumika mpaka pale. Ukihisi ngazi, bei ishuke au uondoke. Legeza mkanda, zungusha kwa mkono, sikiliza beringi: mlio mwepesi mfululizo ni sawa, kukwaruza au kugonga si sawa. Shida yake nyingine ni mota ya fezi tatu. Nyumbani una fezi moja. Inveta inayogeuza fezi moja kuwa tatu inapatikana, na inakupa pia kubadili mwendo, lakini ihesabu kwenye bei kabla hujashikana mkono na mtu.

Wengi wenu mtapenda zile zenye kitufe cha kupandisha mwendo kwa kadi ya elektroniki. Ni nzuri. Ila umeme wa mitaani unajua kushuka saa za jioni watu wanapopika, na kadi hizo hazipendi mchezo huo. Mkanda na puli havina kadi ya kuungua. Mimi nipo upande wa mkanda.

Mdomo wa kiko nitapita haraka. Wenzetu wanatumia ebonaiti, yaani mpira uliofanywa mgumu kwa salfa, au akriliki. Ebonaiti ni laini jinoni, lakini jua linaigeuza kijani, na jua la ziwani mnalijua. Sisi Usukuma tuna ng'ombe, basi tuna pembe. Ncha yake ngumu, ile isiyo na uwazi ndani, inakerezeka, inang'aa, na ikipashwa moto kwa maji yanayochemka inapinda. Harufu wakati wa kupiga msasa mtaivumilia. Na nta ya kumalizia: nta ya nyuki ya Tabora ni nzuri kwa kila kitu isipokuwa hiki, maana inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64 za Selsiasi, kiko kikipata moto kinanata mkononi. Kanauba, nta ya mti wa Brazili wa jamii ya minazi, inasubiri mpaka zaidi ya 80. Ndani ya bakuli usipake vanishi ya aina yoyote.

Kuna mzazi amenikamata pale mlangoni akaniuliza, kwa nini unawafundisha watoto wetu mambo ya tumbaku. Mama, swali lako ni la haki. Tumbaku inaua, na ya kiko haina msamaha: inaleta saratani ya mdomo, ya midomo na ya koo. Mimi sivuti, na simuuzii aliye chini ya miaka 18, hata akija na pesa ya baba yake. Wanunuzi wangu wengi ni wakusanyaji wa nje na wageni wanaopita, na baadhi yao hawakitii hata moto. Hapa soko ni dogo, sitawadanganya. Lakini kijana anayeweza kukutanisha matundu mawili ndani ya mti bila kuyaona, mpe filimbi, mpe kalamu, mpe mpini, atatoboa. Asiyetaka kutengeneza viko asitengeneze, atoboe hivyo vingine.

Pale mezani nimeleta vipande vilivyokatwa katikati, vizuri na vibovu, vishikeni mtazame njia inatokeza wapi. Na mashine ya chuo mkufunzi ameniruhusu tuitumie mpaka saa kumi. Atakayetaka kujaribu avae miwani na barakoa, akunje mikono ya shati mpaka juu ya kiwiko, avue tai ya chuo na shanga, wenye nywele ndefu wazifunge, na hakuna kuvaa glavu mbele ya kitu kinachozunguka. Tuanze na wale wa mstari wa nyuma, maana wa mbele naona wameshaangalia upande wa pilau.